Stima Iliyotoka Kusafishwa

Mlangoni mwa mto, upande wa Salale. Alhamisi, Shaabani imeshavuka nusu, mwaka 1323. Nilitoka nyumbani mfungo saba ulipoandama, na huu ni mwezi wa tano sijalala kwangu.

Mwanangu Athumani,

Maji yamekupwa na stima imekaa juu ya tope. Mpaka yajae tena hakuna wa kuniita, basi nimepata nafasi. Mshamu, yule mchuuzi wa chumvi unayemjua, anapitia Ruaruke na ameniapia kwamba atakuwa Mtunda kabla ya isha. Barua hii utaisoma leo, na kesho alfajiri unaondoka. Nilitaka kukusindikiza mpaka njia panda. Haikuwa.

Mambo ya safari sikuambii. Mama yako ameshayasema, na aliyoyasahau bibi yako hakuyasahau. Soma polepole, maana mkono wangu umezoea kuni kuliko kalamu, na chuoni niliacha kabla ya kuhitimu. Tulipelekwa kulinda mpunga msimu mmoja, na ulipokwisha sikurudi tena.

Nilimtuma mtu amwambie mama yako kwamba siji kwa sababu kazi ni nyingi. Kazi ni nyingi kweli, lakini hiyo siyo sababu. Sababu ni mjomba wako Mbaruku. Yu hai. Nalisema hilo mwanzo ili usiruke mistari ukilitafuta. Ukimaliza kusoma peke yako, msomee mama yako akiwa amekaa. Ni kaka yake, ana haki ya kujua, na mimi nimechoka kumficha.

Unajua kazi ya mjomba wako huku. Anakata mikandaa na mikoko mingine, anatuuzia kuni, na anatuletea maji ya boila, lile pipa la chuma linalotoa mvuke. Hapa tunapofunga stima maji yakijaa ni ya chumvi, na chumvi inaua boila. Kwa hiyo yeye hupanda na mtumbwi juu ya kijito, akangoja kupwa kwa mwisho, akachota yale matamu yanayoteremka, akayaleta kwenye mapipa. Mimi huonja kila pipa kwa ulimi kabla halijamiminwa. Ndiyo desturi ya watia kuni wote wa mto huu. Kinywa changu siku hizi kinajua maji kuliko kinavyojua chakula.

Sasa, kila mwaka stima hupelekwa Dar es Salaam kusafishwa. Tumbo la boila huota ukoko mweupe, kama chungu cha wali kilichosahauliwa jikoni, nao lazima utolewe. Kamba za kuzibia mvuke nazo hubadilishwa, chombo hupakwa rangi, hurudishwa. Safari hii ilirudishwa upesi kwa sababu vita vilikuwa vimeshawaka Umatumbi na Wadachi walikitaka chombo chao. Ilirudi inang'aa. Niliipokea kwa furaha, kama mwanamume aliyerudishiwa mke kutoka kwao.

Tukapakia askari kwenda Mohoro. Mwanzo ilikwenda vizuri. Tulipoifungulia mvuke wote ili ipande mkondo, ikaanza kupiga kishindo ndani ya silinda, kile chumba cha chuma ambamo mvuke unasukuma mashine. Kishindo kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Kwenye kioo cha kupimia, maji yakawa yanaruka juu chini, meupe kama tui. Filimbi nilipoivuta haikulia, ilitema maji. Nguvu ikaisha, mkondo ukatugeuza, tukapanda fungu la mchanga na askari wote juu yetu. Na kutoka kwenye matete ya ng'ambo tukasikia watu wanapiga kelele, "Maji! Maji!"

Unajua linalosemwa. Aliyeipata ile dawa ya maji, risasi ya Mdachi humfikia imegeuka maji. Na sisi tulikuwa na mvuke wa Mdachi unageuka maji mbele ya macho yetu. Hata askari, wanaojifanya hawaogopi kitu, walitazamana.

Tulipokokotwa kurudi Salale, ombasha wa askari, mtu wa Manyema, akasimama juu ya gati akauliza, "Maji ya mashine kaleta nani?"

Mbaruku hakujificha. "Mimi, bwana. Nani mwingine?"

Walimpekua wakamkuta na kibuyu kidogo kiunoni. Alisema ni maji yake ya kunywa, na kila mkata mikoko anacho. Lakini siku hizi mtu wa kabila letu kuonekana na kibuyu ni kama kuonekana na bunduki. Wakamfunga mnyororo wa shingo kwenye kisiki. Afisa wa Kidachi akampa siku tatu awataje wenzake waliomtuma kuloga chombo cha serikali. Asipowataja, kamba.

Kama mjomba wako aliinywa dawa ile au hakuinywa, mimi sikumuuliza. Na wewe usimuulize.

Ombasha akaniita pembeni. "Wewe mtia kuni. Huyu ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Basi kama mashine ina ugonjwa mwingine, utafute. Ukikosa, sisi ugonjwa tunao tayari."

Nikautafuta. Fundi mwenye mashine, Fundi Masudi, mtu wa Unguja, alikuwa amelala homa tangu tuliporudi, hajui mchana wala usiku. Nilikuwa peke yangu. Nikasema ni kuni mbichi. Nikapanga kuni kavu tupu, nikawasha: kishindo kilekile. Nikasema ni zile kamba mpya, zimekazwa mno. Nikazilegeza, mvuke ukanirukia mkononi, ngozi ikatoka, na kishindo kilekile. Siku nzima ikaenda hivyo. Nilikuwa nakamata kila kilichokuwa karibu na mkono wangu, Athumani, nikikiita mkosaji. Mtu mwenye hofu hatafuti, anapapasa tu.

Mwisho nikafungulia bomba dogo la boila, nikakinga maji kwenye kata, yakapoa, nikaonja.

Hayakuwa ya chumvi. Yalikuwa yanateleza ulimini, yana uchungu wa chini kwa chini. Nikaonja pipa la Mbaruku lililobaki: matamu, safi. Nikaonja tena ya boila. Nikatema. Nikasukutua mara nyingi. Na nitakuambia nilichofikiri, kwa sababu sitaki uende ukidhani baba yako ana moyo wa jiwe au akili ya mzungu. Nilifikiri, amefanya kweli. Ameitia. Hii ndiyo ladha yake. Na nikanyamaza. Siku ya pili nzima nikanyamaza, nikijifanya nasugua mashine.

Jioni nilikwenda kukaa naye. Ombasha alituruhusu. Shingo ilikuwa imevimba chini ya chuma.

"Shemeji, umeniletea tumbaku?"

"Sina."

"Afadhali ungebaki huko, basi." Akacheka, kisha akanitazama sana. "Na wewe umeamini."

Nikakitazama kisiki.

"Baba Athumani, fikiri kidogo. Mimi ningekuwa na dawa ya kugeuza mashine kuwa maji, ningeihangaikia stima? Si ningeanza na huu mnyororo?"

Nikaondoka pale. Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Masudi. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, amejifunika shuka mbili, meno yanagongana. Nikamweleza yote ila ile ladha.

"Hebu nambie, Salum," akasema. "Stima hii ilikuwa nzima mpaka lini?"

"Mpaka ilipokwenda Dar es Salaam."

"Na Mbaruku anakuletea maji tangu lini?"

"Alinitangulia mimi katika kazi hii."

"Basi mgeni ni nani hapo, Mbaruku au Dar es Salaam?"

Nikakaa chini. Nilikumbuka ngiri. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Ngiri walikuwa wanaingia kwenye mpunga wetu kila siku na mimi nilikuwa nagombana na jirani, kwamba anawafukuza kwake kuwaelekeza kwangu. Tulifika mpaka kwa jumbe. Mama yako ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwenye uzio. "Hapa ulipotengeneza wewe mwezi uliopita," akasema, "ndipo wanapopita." Miti niliyoichomeka mimi mwenyewe, haikufika chini. Uzio wa zamani, uliochakaa, haukupitisha hata panya. Nilicheka wakati ule, nikamwomba jirani radhi, yakaisha. Nilidhani nimejifunza. Kumbe mtu anaweza kujifunza jambo kwenye uzio asilijue kwenye boila.

"Umeonja?" fundi akauliza.

"Nimeonja."

"Yakoje?"

"Yanateleza. Yana uchungu."

"Kama nini?"

"Sisemi, fundi."

"Sema, yakhe, hapa hakuna mganga."

Nikafumba macho nikarudisha ile ladha ulimini, na kwa mara ya kwanza nikaiacha ijiseme yenyewe. "Kama kunde za mama Athumani," nikasema.

Fundi alicheka mpaka akakohoa, kikohozi kikamkunja. "Magadi! Salum, hayo ni magadi! Kule karakana huchemsha magadi ndani ya boila ili ukoko ulegee. Kisha husuuza, na kusuuza ndiyo kazi yenyewe. Yakibaki, maji yanafura povu, povu linakwenda na mvuke mpaka kwenye silinda, mashine inakunywa maji badala ya kunywa mvuke. Hicho ndicho kishindo chako." Akajipangusa macho. "Nyie watu wa Rufiji! Magadi mnayala kila siku, mkiyakuta kwenye boila mnayapigia shikamoo."

Acha acheke. Nami nilicheka, nikatoka nje nikalia kidogo.

Asubuhi ya siku ya tatu fundi alishikwa mkono mpaka kwenye stima. Mbele ya afisa tulijaza chupa mbili, moja maji ya pipa, moja maji ya boila, tukazitikisa. Ya pipa ilitulia. Ya boila ilijaa povu mpaka mdomoni. Afisa akaikunja midomo akasema jambo, na ombasha akatufasiria: hiyo inaonyesha tu kwamba dawa imo.

Fundi akasema tumwage maji yote, tupeleke mtumbwi mwingine na watu wengine wakachote kijito kingine, tujaze, twende, tumalize. Ilikuwa njia ya haraka, naye alikuwa mgonjwa, anataka kulala. Hapo ndipo nilipomkatalia, na sijawahi kumkatalia fundi.

"Tukitia maji mengine na mashine ikapona," nikamwambia, "watasema mabaya yalikuwa ya Mbaruku. Tutakuwa tumemnyonga sisi."

Akakaa juu ya pipa. Kisha akasema, "Kweli. Yaleyale, basi."

"Maji ya mchawi tena?" ombasha akauliza.

"Yaleyale," fundi akasema. "Na achote mwenyewe."

Walimfungua kwenye kisiki, wakamwacha na mnyororo, akakaa mbele ya mtumbwi na askari nyuma yake. Alileta mapipa. Niliyaonja mbele ya watu wote, nikayanywa. Tulimwaga ya zamani, tukajaza, nikawasha moto, tukafungulia mvuke. Kishindo. Povu kwenye kioo.

Ombasha alitazama upande wa kisiki. Mbaruku alitazama chini. Athumani, nimewahi kuvuka mto huu mamba wakiwa wananitazama, sikuogopa kama pale.

Fundi hakutikisika. Akasema zimeni moto. Boila ikapoa mpaka adhuhuri ikapita, tukafungua kile kidirisha cha chini ambacho mkono mmoja tu unaingia. Nikaingiza huu ambao haukuungua. Kwenye pembe, nyuma kabisa, kulikuwa na matope meupe yameganda, mabonge kwa mabonge. Magadi ambayo hayakuyeyuka, yamerundikana pale yanatoa ladha yake polepole kila tulipojaza maji. Nikayatoa yote kwa vidole. Tukasuuza mpaka maji yanayotoka yakawa hayana kitu ulimini. Tukajaza tena kwa mapipa ya Mbaruku, yaleyale. Nikawasha.

Mashine ilikwenda kama cherehani.

Afisa hakumtazama Mbaruku hata kidogo. Alitazama gurudumu linavyozunguka, akasema tutapanda Mohoro maji yakijaa, na mfungwa atabaki na mnyororo mpaka turudi. Ikishindwa njiani, ombasha anajua la kufanya.

Nilitia kuni safari ile kuliko nilivyowahi kutia maishani. Sikutaka kishindo hata kimoja. Tuliwafikisha askari mapema kuliko walivyotarajiwa, wakashuka, wakaingia bara. Waliporudi walikuwa na mbuzi na magunia ya mpunga, na nguo zao zilinuka moshi ambao haukuwa wa kuni zangu. Sijui vilikuwa vijiji vya nani. Nilitengeneza mashine ili shemeji yangu aishi, na mashine ikafanya kazi yake. Nimejaribu kulipima jambo hilo kwa kila upande, silimalizi. Nakuachia hivihivi lilivyo. Nawe utatengeneza vitu na hutaulizwa vipelekwe wapi.

Mnyororo umetoka shingoni. Lakini hajaachiwa. Anakata mikandaa na askari nyuma yake, na afisa amemwambia Fundi Masudi kwamba atamwachia stima ikimaliza safari zake za mwezi huu bila kusimama. Muda wangu wa kazi uliisha wiki iliyopita. Ningeweza kuja. Mwenye kushika nafasi yangu angekuwa kijana mgeni ambaye bado anafunga macho akifungua mlango wa moto, na haonji maji, anaona kinyaa. Ikipiga kishindo kimoja mikononi mwake, watamrudisha Mbaruku kwenye kisiki. Kwa hiyo nimebaki. Nilichagua kati yako na yeye, na nilikuchagulia kwenda peke yako. Nadhani ungefanya vilevile, lakini kama umekasirika, kasirika, una haki.

Unakwenda kwenye karakana ileile. Fundi Masudi ndiye aliyekuombea nafasi, na alikuombea kabla ya haya. Yule aliyeifunga boila hii atakuwa anakula na wewe sahani moja, na hutamjua. Usimtafute. Pengine ni mtu mzuri. Pengine alikuwa ameinama anasuuza, msimamizi akamwita kwa fimbo kwamba chombo kinatakiwa vitani, akafunga kidirisha akaenda. Jioni alioga, akala, akalala, na kazi yake ikaja huku mpaka ikamkuta Mbaruku na kibuyu chake. Yeye hatajua kamwe. Hilo ndilo linalonichosha zaidi ya yote, kwamba hatajua.

Nawe kuna siku utaharakishwa. Sikuambii ugombane na mwenye fimbo. Una mgongo mmoja tu. Ila mkono wako ukiwa bado umo ndani, fika mpaka kwenye pembe ya nyuma kabla ya kuutoa. Haichukui muda mrefu. Nimeupima, nilikuwa na sababu ya kuupima.

Na ukija kuambiwa kitu kimeharibika na mtu fulani ndiye mkosaji, uliza kwanza kilikuwa kizima lini. Waliokimbilia kumtaja mtu watakuchukia kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, kwa kunyamaza kwangu, na Mbaruku bado ananiita shemeji. Jana aliniuliza kama utakuwa unarudi na viatu. Nikamwambia sijui. Akasema kijana wa karakana asiyekuwa na viatu ni sawa na mkata mikoko aliyekosea njia.

Maji yanaanza kuingia, nasikia yanagonga ubavuni. Mshamu amefunga mizigo yake na ananitazama kwa jicho baya. Mungu akutangulie, mwanangu, na akupe watu wema wa kulala nao nyumba moja.

Mwambie mama yako natazamia kufika nyumbani kabla kumi la kwanza la Ramadhani halijaisha. Nikichelewa ajue Mbaruku hajaachiwa bado, maana peke yangu siji.

Baba yako,
Salum